Kabla hujafagia, angalia: choo cha mbwa au paka wako kinasema nini

#1 – Mama Chui (mleta uzi), Ijumaa saa 3 usiku

Habari za jioni wanajamvi.

Kwetu Morogoro uwanja unafagiliwa saa 11 alfajiri. Kijana anayetusaidia kazi ni mchapakazi. Mimi nikitoka na kikombe cha chai, hata jani moja silioni chini. Matokeo yake nimefuga mbwa miaka miwili na nusu bila kuona kinyesi chake. Naona anakula, usiku anabweka, basi najua mzima. Alipoanza kukonda nikasema ni joto.

Mwezi wa tano kijana alipata msiba kwao Lushoto, akaenda wiki nzima. Siku ya pili nikashika fagio mwenyewe. Nyuma ya tangi la maji nikakuta kitu cheusi kama lami, kinang'aa, kinanata kwenye chelewa za fagio. Nilidhani fundi pikipiki amemwaga oili chafu. Harufu ndiyo iliyonishtua: si ya choo cha mbwa, ni ya damu iliyolala, kama machinjioni mchana wa jua. Nikamwita mbwa wangu Chui, nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Nikachota kiasi cha kijiko cha chai kwa kijiti, nikatia kwenye kopo safi, nikampakia Chui kwenye bajaji tukaenda kwa daktari wa mifugo. Alikoroga kile choo kwenye maji ya chumvi iliyokolea, akachuja, akaweka kioo juu, akaacha kama robo saa. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, kwa hiyo yanaelea na kushika kioo. Kisha akaniachia kiti nichungulie kwenye hadubini. Niliona yai la mviringo, ganda jembamba kama ukingo wa povu, ndani yake chembe zimebanana kama kichala cha zabibu. Akasogeza kioo kidogo tu, yakatokea mengine sita.

Ilikuwa safura. Wale minyoo wanang'ata ukuta wa utumbo mwembamba wanakunywa damu, na wakihama, jeraha la kwanza linaendelea kuvuja. Damu hiyo inameng'enywa njiani, ndiyo maana haitoki nyekundu. Inatoka nyeusi.

Na dawa ya minyoo nilikuwa nampa! Nanunua kidonge kimoja dukani kila nikikumbuka. Daktari akaniuliza uzito wa mbwa, nikawa sijui. Chui ana kilo 24, kile kidonge ni cha mbwa wa kilo 10.

Sikumlaumu kijana hata kidogo. Hakuna aliyemwambia aangalie, na mimi mwenye mbwa sikuwahi kuuliza. Ila nimekaa nawaza ni asubuhi ngapi dalili ile ilikuwa pale chini na sisi tunaifagia. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitaweka niliyojifunza, na wataalamu wa humu mnisahihishe.

#2 – Mama Chui, Ijumaa saa 3:40 usiku

Naendelea. Kwanza ujue choo cha kawaida cha mnyama WAKO. Mbwa wa ugali wa dona na dagaa anatoa choo kingi kuliko anayekula nyama, na hilo si ugonjwa. Kwa kawaida mbwa mzima anaenda haja kubwa mara moja mpaka tatu kwa siku, paka mara moja hivi. Choo kizuri ni cha kahawia, kimeshikamana, ukikiokota kwa karatasi kinabonyea kidogo kama udongo wa mfinyanzi na hakiachi uchafu mwingi chini. Ile rangi ya kahawia inatokana na nyongo baada ya bakteria wa utumbo kuibadilisha. Kwa hiyo choo kikipauka siku kadhaa kikawa cha kijivu kama udongo mkavu, nyongo huenda haifiki kwenye utumbo, na ini au mirija yake inahitaji kupimwa.

Cheusi cha kunata nimeshaeleza: damu inatoka juu, tumboni au utumbo mwembamba. Lakini kama jana mbwa alikula maini mengi au damu ya buchani, choo chake kitakuwa cheusi bila ugonjwa, kwa hiyo jiulize alikula nini. Damu mbichi nyekundu inatoka karibu na mlango, yaani utumbo mpana au njia yenyewe ya haja. Cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chokaa, ni mifupa mingi. Mbwa wa aina hiyo utamwona anakaza mgongo mpaka machozi, kwa hiyo tupunguze ile tabia ya kumwagia mifupa yote ya sikukuu.

Sasa kuharisha. Hapa daktari alinifundisha kitu ambacho sikukijua kabisa: kuharisha si kumoja. Mnyama akienda mara chache lakini kila mara anatoa kingi, cha majimaji, na anakonda, shida iko utumbo mwembamba, ambako chakula kinafyonzwa. Akienda kila baada ya nusu saa, anajikamua, kinatoka kidogo chenye kamasi na labda tone la damu nyekundu, shida iko utumbo mpana. Ukimweleza daktari tofauti hiyo tu kwa simu, umemrahisishia nusu ya kazi.

#3 – Mtoto wa Kariakoo, Ijumaa saa 4 usiku

Dada hongera kwa uzi, ila mimi nina swali la haraka. Paka wangu dume, miaka minne, ana choo kigumu tangu jana asubuhi. Anaingia kwenye mchanga wake, anachuchumaa muda mrefu, analia, anatoka, hajatoa kitu. Leo hata chakula hataki. Jirani ameniambia nimnyweshe mafuta ya nyonyo. Kiasi gani kinatosha?

#4 – Dokta wa Ng'ombe na Paka, Ijumaa saa 4:10 usiku

Mkuu, usimnyweshe mafuta! Mimi ni daktari wa mifugo, nisikilize. Paka anapokataa unamshika kwa nguvu, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, ukaongeza ugonjwa wa pili.

Halafu jibu hili: mara ya mwisho umeona mkojo wake lini? Tazama kwenye mchanga kama kuna mabonge yaliyolowa.

#5 – Mtoto wa Kariakoo, Ijumaa saa 4:25 usiku

Nimeangalia. Mchanga mkavu wote. Kuna tone moja dogo lenye wekundu. Na nikimgusa tumbo chini kuna kitu kigumu kama limau, analia sana.

#6 – Dokta wa Ng'ombe na Paka, Ijumaa saa 4:28 usiku

Huyo hana choo kigumu, huyo mkojo umeziba. Hilo limau ni kibofu kimejaa. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, inazibwa na chembechembe kama mchanga na ute. Mkojo usipotoka, sumu na potasiamu vinapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Wewe uko siku ya pili. Usimbonyeze tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Mpigie daktari usiku huu huu, mwambie maneno haya: "paka dume, mkojo haujatoka tangu jana." Atajua.

Wengine mnaosoma mliweke hili kichwani: paka dume anayejikamua bila kutoa kitu, msifikirie choo kabla hamjafikiria mkojo. Mkao ni ule ule, na watu wengi wanakosea hapo.

#7 – Mtoto wa Kariakoo, Ijumaa saa 4:31 usiku

Natoka sasa hivi. Niombeeni.

#8 – Bibi wa Tengeru, Jumamosi saa 12 asubuhi

Poleni. Mwanangu wa paka, tupe taarifa ukifika.

Mama Chui, umenikumbusha vitoto vyangu vya mbwa vya mwaka jana. Vilikuwa vitano, vya wiki tisa. Kimoja kikakataa maziwa, jioni kikatapika, usiku kikaanza kuharisha maji yenye damu. Ile harufu siwezi kuisahau, ukifungua mlango wa stoo inakupiga usoni. Nilikwenda duka la dawa nikapewa metronidazo nikakigawia kila kimoja kipande. Kufikia siku ya nne vimebaki viwili. Hao wawili waliokolewa kwa dripu kliniki. Wakaniambia ni parvo.

#9 – Dokta wa Ng'ombe na Paka, Jumamosi saa 1 asubuhi

Shikamoo bibi, na pole sana. Parvo ni kirusi kilichojitokeza kwa mbwa mwaka 1978 na kikaenea dunia nzima kwa muda mfupi. Kinashambulia seli zinazogawanyika haraka, hasa utando wa ndani wa utumbo na uboho wa mifupa. Ndiyo maana damu inatoka na kinga inaanguka kwa wakati mmoja. Metronidazo haiui kirusi. Kinachookoa ni maji na chumvichumvi mwilini, dawa ya kuzuia kutapika, na antibiotiki kwa ajili ya bakteria wanaopenya ule utumbo uliochubuka.

Na hata kwa kuharisha kwa kawaida tuache kukimbilia metronidazo. Kuharisha kwingi kwa mbwa mzima mwenye nguvu kunaisha kwenyewe kwa siku chache, na dawa hiyo inaua pia bakteria wazuri wa utumbo. Mpe kuku wa kuchemsha asiye na ngozi pamoja na wali mweupe, bila mafuta, bila chumvi, bila kitunguu, kidogo kidogo, na maji safi muda wote. Lakini kitoto cha mbwa kinachoharisha, au mnyama yeyote anayeharisha na kutapika pamoja, au aliyelegea, au mwenye damu nyingi, asisubiri. Vuta ngozi ya shingoni uiachie: isiporudi mara moja, amekaukiwa maji. Bonyeza fizi: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili.

Bibi, ile stoo usiweke vitoto vipya bado. Kirusi hiki kinakaa kwenye mazingira miezi mingi, hata zaidi ya mwaka mahali penye kivuli. Sabuni na dawa nyingi za kunukia hazikiui, klorini inaua. Osha kwanza uchafu wote kwa sabuni, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi, kisha tumia ile dawa ya madoa ya madukani yenye klorini asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache ikae dakika 10. Chanjo ianze wiki ya 6 mpaka ya 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Watu wengi wanachoma moja wanaacha, na kinga ya mama iliyobaki mwilini mwa kitoto inaweza kuwa imeizuia hiyo moja isifanye kazi.

#10 – Kisauni Original, Jumamosi saa 3 asubuhi

Salamu kutoka Mombasa. Mimi naona vitu kama punje za mchele nyuma ya paka wangu, na kwenye mto anaolalia. Zingine zinajisogeza. Zikikauka zinakuwa kama ufuta. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili na zinarudi.

#11 – Mama Chui, Jumamosi saa 4 asubuhi

Hao ni tegu ndugu yangu, na kila punje ni kipande cha tegu chenye mayai. Zinarudi kwa sababu ya viroboto. Kiroboto akiwa bado funza anakula yai, akikua anamrukia paka, paka anajilamba anammeza, tegu mpya anaanza. Kwa hiyo dawa ya tegu na dawa ya viroboto ziende pamoja, na huo mto uufue kwa maji moto uanike juani. Angalia pia pakiti ya dawa uliyompa. Zipo zinazoua minyoo ya mviringo peke yake, tegu hawaguswi. Tegu anatakiwa prazikwanteli.

#12 – Mwalimu wa Lodwar, Jumamosi saa 5 asubuhi

Kuna tegu mwingine ambaye hamtamwona kamwe kwenye choo, na naomba tusimsahau. Huku Turkana tumeishi naye miaka mingi, na miaka ya 1980 palianzishwa mpango maalumu wa kumdhibiti kwa sababu watu walikuwa wanavimba matumbo. Ana urefu wa milimita chache tu. Mbwa haoneshi dalili yoyote, choo chake kizuri kabisa, lakini kimejaa mayai. Mtu akiyameza, kwenye ini au mapafu yake panaota fuko la maji linalokua polepole kwa miaka, mara nyingi mpaka apasuliwe.

Mbwa anampata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye yale malengelenge ya maji. Mnapochinja, msiwarushie mbwa. Chimbieni chini au choma moto. Na watoto wanawe mikono baada ya kucheza na mbwa.

#13 – Tajiri wa Mawazo, Jumamosi saa 6 mchana

Wakuu kwa heshima, mimi nimekulia kijijini, mbwa walikula makombo na hakuna aliyewachungulia choo. Waliishi vizuri tu. Hivi kweli kuna haja?

#14 – Mama Chui, Jumamosi saa 6:30 mchana

Mkuu, nimekulia huko huko. Nikijaribu kukumbuka mbwa wa babu, sikumbuki hata mmoja aliyefika miaka kumi. Kila mwaka kulikuwa na wapya, na tulikuwa tunasema "alikonda tu akafa". Safura inapita kwenye maziwa ya mama, na ile minyoo mirefu kama tambi inaingia kwa watoto wa mbwa wakiwa bado tumboni. Sasa hivi naamini wengi walikufa kwa vitu hivi.

Na si wao tu. Mabuu ya safura ya mbwa yanapenya ngozi ya binadamu. Umewahi kuona mtoto mwenye mstari mwekundu mguuni, unawasha, kila siku umesogea kidogo kama njia ya mchwa? Mwanangu wa pili aliupata mwaka jana, tukapaka kila kitu. Chui alikuwa anajisaidia pale pale kwenye lundo la mchanga wa ujenzi ambako watoto wanacheza. Nilipounganisha hayo mawili nililia, sisemi uongo.

#15 – Mfugaji wa Sungura Moshi, Jumamosi saa 8 mchana

Kwa sungura mambo ni tofauti, niongeze kidogo. Sungura ana vyoo viwili. Kimoja ni zile gololi kavu. Kingine ni laini, kinang'aa, kama kichala kidogo, na hicho anakila mwenyewe moja kwa moja, mara nyingi usiku. Msimzuie, ndiyo vitamini zake. Ukikuta vichala hivyo vimeachwa vinakanyagwa, basi anapewa pumba na vyakula vya nafaka kupita kiasi. Majani makavu yawe ndiyo chakula kikuu.

Hatari ni gololi zikipungua, zikawa ndogo, kisha zikakoma. Sungura asiyetoa choo kwa muda wa saa 12 na hali chakula, utumbo umesimama. Huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo, asilale.

#16 – Mlinzi Tanga, Jumamosi saa 10 jioni

Mbwa wangu alikuwa anachechemea, nikampa diklofenaki nilizokuwa nazo mwenyewe, asubuhi na jioni. Siku ya tatu choo kikawa kama lami hiyo ya mleta uzi, akatapika kitu kama unga wa kahawa. Nilijua ni sumu ya jirani, tukagombana mpaka kwa balozi. Kumbe vidonda vya tumbo vilivyotokana na dawa yangu. Leo ndiyo naelewa kwa nini vilikuwa vyeusi vyote viwili. Jirani nitamwendea nimwombe radhi.

#17 – Dokta wa Ng'ombe na Paka, Jumamosi saa 11 jioni

Umefanya vizuri kusema mkuu. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinachubua tumbo la mbwa vibaya. Na paka asipewe parasetamoli hata kipande, ini lake haliwezi kuiondoa, inaharibu damu na inaua.

Aliyeniuliza inbox kuhusu German Shepherd anayekula kama wawili na bado mbavu zinaonekana, huku choo ni kingi, cha manjano, kina mafuta na kinanuka uchachu: pima kongosho. Mbegu hiyo ina tabia ya kongosho kushindwa kutengeneza vimeng'enya, chakula kinapita tu. Akithibitika, anawekewa vimeng'enya kwenye chakula maisha yake yote, na wengi wananenepa tena vizuri.

Kuhusu sampuli: choo cha siku hiyo hiyo, kiokote kabla hakijakaa juani, juu juu bila udongo, kopo lenye mfuniko. Kama hufiki mapema weka sehemu ya baridi ya friji, usigandishe. Mayai ya safura kwenye joto letu yanaanguliwa haraka, na maabara itapata shida kuyatambua. Kama inashukiwa giadia (kijidudu cha utumboni kinacholeta kuharisha), kusanya siku tatu, kwa sababu haitoki kila siku.

#18 – Mama Chui, Jumapili saa 1 usiku

Chui amerudia dozi ya pili, safari hii kwa uzito wake. Fizi zimeanza kuwa za pinki. Kijana amerudi, sasa anafagia saa 1 asubuhi tukiwa wote, na juzi yeye ndiye aliyeniita, "Mama, njoo uone, leo kigumu."

Mtoto wa Kariakoo, tuambie basi.

#19 – Mtoto wa Kariakoo, Jumatatu saa 2 usiku

Samahani kwa kimya, sikulala siku mbili. Tulifika saa 6 usiku. Daktari alimlaza kwa dawa, akampitishia mrija, mkojo ukatoka mwekundu kama juisi ya rosela, mwingi mpaka nikashangaa umekaaje ndani ya paka mdogo vile. Amekaa na mrija na dripu mpaka leo asubuhi ukatolewa, tukasubiri kama ataweza mwenyewe. Saa 9 mchana ameweza. Bonge kubwa la mchanga uliolowa.

Na jioni hii nyumbani amepata choo pia, cha kwanza tangu Alhamisi. Cha kahawia iliyokolea, kikavu kiasi, vipande vitatu, hakina damu. Nimekipiga picha nimemtumia daktari, amejibu niongeze maji kwenye chakula chake. Sasa hivi amelala juu ya miguu yangu, nimeogopa hata kuinuka kuzima taa.